Gugu la Tano

Ujumbe wa Zena ulinifikia Alhamisi asubuhi, nimekaa barazani kwangu Boko nikisoma makala yangu mwenyewe gazetini, kazi ninayoifanya kwa makini kuliko msomaji mwingine yeyote niliyewahi kukutana naye. "Shikamoo Mwalimu. Mama alitutoka jana, tukamzika jana hiyohiyo alasiri. Kesho baada ya swala ya Ijumaa kuna dua nyumbani. Nimeona nikwambie." Namba yangu alikuwa ameipata miaka michache nyuma kwa kuuliza hukohuko gazetini, akanisalimia mara moja, nami nikajibu kwa adabu na ufupi wa mtu anayeogopa kuulizwa lini atakuja. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa mwenye nyumba wangu kule Kimbiji kwa mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na katika mwaka huo alinilisha kila Ijumaa. Tangu nilipoondoka sikurudi hata mara moja. Zamani kisingizio changu kilikuwa foleni ya pantoni. Walipojenga daraja nikakosa kisingizio, nikaendelea kutokwenda vilevile.

Wanaoandika kumbukumbu za maisha huanza na babu zao. Wangu nitawaruka, na si kwa kuwadharau. Mwaka ninaouzungumzia hawakuhusika nao, na wangekuwa na akili ya kutosha kukataa kuhusishwa. Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya mimea ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiitafuta. Mradi mmoja wa utafiti ukanichukua kwa mwaka mmoja, kazi yangu ikawa kuhesabu majani. Kulikuwa na bwawa Boko ambalo gugu maji lilikuwa limelifunika kuanzia ukingo hadi ukingo, kijani kibichi na maua ya zambarau, zuri la kupigia picha na bovu la kunusa. Upande wa pili wa jiji, karibu na Kimbiji, kulikuwa na ziwa dogo la maji baridi ambalo bado lilikuwa na mimea yake lenyewe: matete pembeni, mafunjo kwenye tope, na katikati mayungiyungi meupe yaliyofunguka asubuhi na kujifunga mchana kama maduka ya watu waliotosheka. Kwenye ramani ziwa hilo halikuwa na jina. Wenyeji waliliita Ziwani, basi. Mimi nilitakiwa kukaa siku chache Boko na siku nyingi Kimbiji, nikitupa majini fremu ya mraba ya bomba la plastiki na kuandika kilichomo ndani yake. Kila mmea mpya niliutandaza kwenye magazeti ya zamani na kuubana kati ya mbao mbili zilizofungwa mikanda, mpaka ukauke. Mkuu wa mradi, mama mmoja mkali mwenye sauti ya upole, alinipa sharti moja akalirudia mara mbili: kitu kilicholowa maji ya Boko kisiguse maji ya Kimbiji kabla hakijakaa juani siku kadhaa. Nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Baada ya hapo, kama wasomi wengi, nikaona nimeshalitekeleza.

Chumba changu kilikuwa cha uani. Kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha la ubao lililofungukia jikoni kwa Bi Mwanahawa. Chini ya kitanda nililaza magazeti yangu na majani yaliyobanwa, kwa hiyo nilikuwa nikinuka kama kitabu kilicholowa. Siku niliyohamia, Bi Mwanahawa aliniuliza kama nitakuwa nakula nao. Nilijibu kwamba hapana, asante, nitajipikia. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani nilitaka nionekane mtu anayejitegemea, na nilionekana hivyo kikamilifu: kwa mwaka mzima nilikula mkate na maharage ya kupasha, nikisikia dirishani vijiko vya watu wengine. Na mazungumzo yao pia niliyasikia. Wiki ya pili Zena, aliyekuwa msichana wa sekondari, alimuuliza mama yake huku akikuna nazi, "Mama, huyu Mwalimu hana watu?" Mwalimu ni mimi, sikuwa nimefundisha hata siku moja, ila nilitembea na daftari. Bi Mwanahawa akafikiri kidogo. "Anayo majani yake," akasema. Wakacheka, bila ubaya wowote. Nami nikakaa kitandani na majani yangu. Mpaka leo sijawahi kuandika maelezo mafupi na sahihi namna ile juu ya mtu yeyote.

Ijumaa iliyofuata aligonga dirisha langu kwa mwiko. "Mwalimu, kujipikia kwako ni kwa siku sita. Siku ya saba ni yangu." Ndivyo nilivyoanza kuketi mkekani kila Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini. Kulikuwa na wali wa nazi kama nyumba zote, lakini pembeni kulikuwa na bakuli ambalo sijaliona tena popote: viazi vya yungiyungi, vilivyochimbwa kwenye tope la Ziwani, vikachemshwa, vikamenywa, vikaungwa kwa tui zito pamoja na kambale mkavu. Ladha yake ilikuwa kati ya njugu mawe na ardhi iliyonyeshewa. Nilikuwa najua jina la kisayansi la mmea huo na jina la familia yake na idadi ya stameni zake, lakini nilikuwa sijui unaliwa. Wiki yangu nzima ikawa inaelekea kwenye bakuli hilo.

Mtu mwingine aliyezungumza nami alikuwa Masanja. Alikuwa Msukuma wa miaka thelathini hivi, aliyelima mchicha na matembele kwenye kipande cha ukingo alichopewa na Kibwana, kaka yake Bi Mwanahawa, msimamizi wa ardhi ya ukoo hapo Ziwani. Masanja ndiye aliyenifundisha kutembea kwenye tope kwa kukanyaga mashina ya matete badala ya kutumbukia kati yake, jambo ambalo chuoni hawakulifundisha. Kwa kuwa Wasukuma na Wazaramo ni watani, yeye na Bi Mwanahawa hawakusalimiana bila matusi. Akipita na makopo yake ya kumwagilia, mama huyo alimwita mwizi wa maji. Yeye alimjibu kwamba amekuja pwani kufundisha watu kufanya kazi na amekata tamaa. Akifika mlangoni na fungu la mchicha, aliambiwa arudi nalo, linanuka ng'ombe. Na fungu lilipokewa, na kikombe cha chai kilitoka. Nilikuwa nikiwasikiliza kwa wivu. Hakuna mtu aliyenitukana mimi.

Ijumaa ile ninayotaka kuisema ilikuwa mwezi wa pili. Niliondoka Boko alfajiri na magugu maji matano kwenye kiroba kilicholowa, makubwa, yenye maua, ya kubana na kupeleka kwenye mkusanyo wa mradi. Yalikuwa matano kwa hakika, nilikuwa nimeyaandika. Foleni ya pantoni ikanichelewesha, na nilipofika Kimbiji watu walikuwa tayari wanatoka msikitini, kofia nyeupe njia nzima. Kubana mimea mitano yenye maua mabichi ni kazi ya saa moja na zaidi: unatandaza kila petali, unanyoosha kila mzizi. Ukiyaacha kwenye joto la mchana yanasinyaa. Nikasimama ukingoni mwa Ziwani na kiroba mkononi, nikasikia sufuria zikifunuliwa kwa Bi Mwanahawa. Nikakifunga kiroba kwa kamba kwenye shina la tete, nikakitumbukiza majini ili mimea isinyauke, nikaenda kula. Kiroba kilikuwa na kona iliyochanika. Niliiona nikiwa Boko, nikaikunja kwa ndani.

Nilikula vizuri. Nililala kidogo. Nilirudi alasiri nikavuta kamba, nikahesabu manne. Nikahesabu tena, kana kwamba manne yakihesabiwa taratibu yanaweza kuwa matano. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikapekua kwenye matete kwa muda ambao niliuona mrefu na ambao nadhani haukufika nusu saa. Mayungiyungi yalikuwa yamejifunga. Kisha nikaenda chumbani, nikayabana yale manne kwa ustadi mkubwa, nikafungua daftari na kuibadilisha tano kuwa nne. Mtu akiitazama leo namba hiyo atadhani nilikuwa na mwandiko mbaya.

Mwezi wa tano niliona kishada cha majani ya kung'aa kwenye kona ya mashariki, upana wa sinia. Nilikitoa, nikakizika nchi kavu, nikalala usingizi mzuri. Mwezi wa saba vilikuwa vingi, na nilipokuwa nang'oa huku vilikuwa vinazaana kule. Ningeweza kusema siku hiyo. Watu ishirini wenye nyavu na reki wangelisafisha ziwa lile kwa siku tatu, na mimi ndiye mtu pekee Kimbiji nzima aliyejua hivyo, maana nilikuwa nimekaa na bwawa la Boko nikiona mwisho wake. Lakini kusema maana yake ingekuwa kueleza, na kueleza kungeniondoa mkekani. Nilikuwa nimepima mambo hayo mawili, ziwa na mkeka. Naandika hivi ili nisijifiche nyuma ya neno la ujana. Nilipima kwa utulivu kabisa.

Ijumaa moja mwezi wa tisa tulikuwa tumemaliza kula. Bakuli la viazi lilikuwa dogo siku hiyo. Masanja alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake cha chai. Bi Mwanahawa akamwelekezea kidole chenye mafuta. "Tangu lini ziwa letu likavaa zambarau? Ni wewe, Msukuma. Umekumbuka kwenu, ukaona utuletee na gugu."

"Bibi, niliwahurumia," akasema Masanja. "Nyie Wazaramo hata gugu la kwenu hamna."

"Kwenu si limejaa ziwa zima? Tumesikia redioni."

"Limejaa. Ndiyo maana tumewagawia. Sie si wachoyo."

Watu wakacheka, Zena akapaliwa na maji. Kibwana, naye akicheka, akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msomi hapa. Toa hukumu."

Kila mtu mkekani pale alijua kilichotakiwa. Nilitakiwa kuongeza tusi lolote, hata la kijinga, nami ningekuwa mmoja wao; ndiyo mara ya kwanza waliponifungulia mlango huo. Badala yake nikajisafisha koo. "Kitaalamu inawezekana," nikasema. "Mbegu zake husafiri kwenye matope ya viatu, kwenye ndoo, kwenye mizigo. Mtu akitoka kwenye maji yenye gugu akaja kuchota maji hapa, inatosha."

Kicheko kikaishia njiani. Masanja alikuwa bado anatabasamu, kwa kuwa hakuwa ameambiwa aache. Kibwana akaweka kikombe chini. "Si ulikwenda kwenu mwezi wa kwanza?"

"Nilikwenda kuzika, Babu."

"Ukarudi na yale madumu yako."

"Madumu ya mafuta yale."

 Zena akaanza kuondoa vyombo.

Siku tatu baadaye Masanja alikuja chumbani kwangu, kwa mara ya kwanza. Akasimama mlangoni, akatazama magazeti chini ya kitanda. Kibwana alikuwa amemwambia arudishe kipande cha ukingo na asishushe tena makopo yake Ziwani. "Mwalimu," akasema, "waambie tu kwamba siku ile ulikuwa unatania. Wataelewa. Sie tunataniana, ndiyo maisha yetu. Neno lako wamelichukua kama la kitabuni."

"Lakini sikuwa natania," nikamwambia.

Akanitazama, akangoja. Alikuwa na subira ya mkulima. Nikaongeza kwamba sayansi haina utani. Nimeandika sentensi nyingi mbaya tangu wakati huo, na baadhi nimelipwa kwazo, lakini hiyo bado inaongoza. Masanja akaitika kwa kichwa, akaondoka na mke wake na mtoto mchanga kuelekea Mbagala. Mchicha wake ulikomaa, ukatoa maua, ukaanguka wenyewe.

Ripoti niliyoiandika mwisho wa mwaka ilisema gugu maji lilifika ziwani "kutokana na shughuli za binadamu". Ilikuwa kweli tupu. Mkuu wa mradi aliisifu kwa uangalifu wake. Ijumaa ya mwisho Bi Mwanahawa alinigongea dirisha kama kawaida, nikakuta wali na samaki wa baharini wa kununua. Pale ambapo bakuli lilikuwa likikaa aliweka kata ya maji. "Umeona, Mwalimu?" akasema. "Yungiyungi limekosa pa kutokea. Jua haliwafikii walioko chini." Kisha akanipa kipande kikubwa cha samaki, maana nilikuwa nasafiri. Nilikimaliza chote. Tangu hapo nimekula kwenye meza nyingi, nyingine zenye vitambaa, na mara nyingi nimekula peke yangu, kwa chaguo langu, kama ninavyowaambia wanaouliza.

Basi Ijumaa hii nilivuka daraja. Barabara imekuwa nzuri mpaka inakera. Nyumba ni ileile, imewekewa bati jipya, na Ziwani kumezungukwa na kuta za watu wenye magari. Katikati ni kijani tupu. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume kwenye majamvi, wanawake ukumbini. Kibwana, mzee sana sasa, alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia. Hakunikumbuka mpaka Zena alipomnong'oneza, ndipo akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akafurahi kweli. Dua ikasomwa. Sinia zilipokuwa zinaandaliwa, kelele zikaanza mlango wa nyuma.

Alikuwa Masanja, amekuja kama mtani wa msiba kumwigiza marehemu. Mvi kichwa kizima, tumbo kidogo, amevaa kanga mbili na miwani ya marehemu, beseni kichwani limejaa magugu maji yenye maua. Alitembea kama Bi Mwanahawa alivyotembea, goti la kushoto likichelewa, na sauti ilikuwa yake hasa. "Mie nimerudi," akasema. "Wamenigeuza mlango wa peponi. Wameniuliza, yule Msukuma uliyemsingizia gugu yuko wapi? Nimewaambia anakuja. Wakasema basi mngoje hapo nje."

Uani kote watu wakaangua kicheko. Zena alicheka huku machozi yanamtiririka, akajifuta kwa mtandio. Kibwana akapiga fimbo chini. "Msukuma! Umekuja kuchukua gugu lako?"

"Nimekuja kuliangalia tu, Babu. Mmelilea vizuri. Limenenepa kuliko watoto wenu."

Nilijikuta nimesimama. Sikuwa nimepanga, kwa kawaida hata kuomba chumvi hupanga. "Halikuwa lake," nikasema. "Nililileta mimi."

Vichwa vikanigeukia. Kisha wakacheka zaidi. Nikasema tena kwa sauti: kwenye kiroba, kutoka Boko, kiroba kimechanika kona. Kila nilichoongeza kiliwazidishia. Niliposema yalikuwa matano nikavuta kamba nikatoa manne, mama mmoja ukumbini alishika mlango asianguke. "Jamani, mpeni na yeye beseni," akasema. "Kumbe wasomi nao wanajua kutania." Kibwana alikuwa akijipangusa macho. "Mwalimu," akasema, "miaka yote hiyo ulikuwa wapi na utani wako?"

Masanja hakuwa anacheka. Aliteremsha beseni, akavua miwani ya marehemu, akaja akachuchumaa mbele yangu, nami nikaketi ili tulingane. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, kisha sinia zikaingia wakatuacha.

"Rudia," akasema kwa sauti yake mwenyewe. Nikarudia, safari hii polepole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unawahi nini?"

"Chakula."

"Chakula kipi?"

"Vile viazi vya yungiyungi. Na kambale."

Akafikiri. "Vilikuwa vitamu," akasema. Halafu, "Mie nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu." Sikuwa na haki ya kuuliza zaidi. Akanyoosha mkono kwenye beseni, akachagua gugu moja lenye maua, akaliweka kwenye kiganja changu na maji yake yote, mizizi ikining'inia hadi kwenye suruali.

"La tano hilo," akasema. "Kaa nalo."

Akavaa tena miwani, akajitwisha beseni, akaenda ukumbini kwa wanawake kwa goti lile la kushoto, na sauti ya Bi Mwanahawa ikaanza kuwauliza nani amewaruhusu kukuna nazi vibaya hivyo.

Nimerudi nalo Boko likiwa kwenye mfuko wa plastiki mzima, usio na tundu; nimeukagua mara mbili. Mbao zangu za zamani bado ninazo, nazo mikanda. Nimelitandaza kwenye ukurasa wa gazeti wenye makala yangu, kwa kuwa ndilo gazeti lililokuwepo, nikanyoosha kila petali na kila mzizi. Imenichukua saa moja na robo. Kesho nitabadilisha karatasi, na keshokutwa, mpaka likauke. Kwenye lebo nimeandika mahali: Ziwani, Kimbiji. Mleta: jina langu. Namba: tano.